Chokoleti na Kitambaa Kilichobaki

Mtu asikudanganye kwamba pombe peke yake njo inayomshika mtu. Chokoleti inashika. Inashika kichwa, inashika mdomo, inashika hata mkono, ukashtukia mkono umeshafungua droo na wewe hujauamuru.

Naitwa Annonciata, lakini kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka inaniita Mama Fabrice, kwa jina la kifungua mimba wangu. Mi ni fundi wa nguo kutoka Bukavu, na ukiona mama amepita hapa kambini gauni limemkaa vizuri mgongoni, uliza, utaambiwa limetoka kwenye mashini yangu. Katika droo ya ile mashini, kati ya uzi na vifungo, njo mlikuwa mnakaa chokoleti. Kipande wakati wa kukata kitambaa, kipande wakati wa kuweka mikono, na kipande cha kumshukuru Mungu gauni likiisha. Vidole nilikuwa nafuta vizuri. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo yenye doa.

Kazi yangu ya pili ni sauti. Katika kwaya ya bamama ya kanisa letu mi njo ninayeanzisha nyimbo, na wengine wanaitikia. Mwaka huu tuliitwa Lilongwe kufungua mkutano mkubwa wa makanisa, katika ukumbi mmoja si mbali na Capital Hill, penye ofisi za serikali. Hatujawahi kuitwa mahali pa namna hiyo. Wimbo tuliouchagua unaanza na mimi peke yangu, mstari mrefu ambao hauna pa kupumulia katikati, kisha kwaya inaingia. Nilitaka kuuimba ule mstari. Nasema wazi, niliutaka kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nifike Malawi.

Lakini kwaya yetu ina sheria: asiye na sare hasimami mstarini, anakaa na waumini wengine, anapiga makofi. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe, na sioni kwa nini niionee haya. Kwaya ambayo huyu kavaa nyekundu na yule kavaa bluu inaonekana kama foleni ya maji.

Kitenge cha sare tulikinunua Lilongwe, zambarau iliyoiva, na majani ya njano ndani yake. Kiasi kilitosha. Halafu Mama Benedicte, prezida wetu, akasema kila mtu awe na kitambaa cha kichwa cha aina ileile, na huwezi kumbishia Mama Benedicte, hata mchungaji hajaweza. Kilichobaki kilimalizwa na namna yangu ya kushona. Upande wa kulia wa gauni naweka zipu. Upande wa kushoto, ndani ya mshono, naacha akiba pana ya kitambaa, pana kuliko mafundi wengine wote wa hapa. Nawajua bamama wangu. Leo unampima, mwezi ujao amenenepa, anakuja na gauni mkononi na aibu usoni. Mi nafungua mshono wa kushoto, naachia kidogo, anaondoka anacheka. Akiba haiozi.

Basi nikashona ya wote kwanza, yangu mwisho. Mganga hajigangi. Siku nilipotandaza kitambaa kilichobaki juu ya meza ili nikate langu, nilikipima, nikajipima, nikakipima tena, halafu nikakaa chini.

Nilirudi Lilongwe kwa mfanyabiashara aliyetuuzia. Akaniambia kitenge kile kimeisha na hakitarudi. Nikatafuta hadi soko la Mponela, ambako wana mahindi na tumbaku na vitenge vya kila namna, isipokuwa changu. Mtu mwingine angelia. Mi nilichukua makasi. Nikakata gauni kufuatana na kitambaa kilichokuwepo, bila akiba hata ya uzi mmoja, nikalishona, nikalitundika ukutani. Nikaliambia, we baki hivyohivyo, mwili njo utakufuata.

Mume wangu, Byamungu, alikuwa mlangoni anasikia.

"Unaongea na gauni sasa?"

"Naacha chokoleti," nikamwambia. "Na sukari ya chai, na mandazi. Lakini zaidi chokoleti."

Alicheka hadi akashika nguzo ya mlango. "Mama Fabrice, mi nilioa mwanamuke, sikuoa fagio."

"Utaoa sauti, Baba Fabrice. Subiri."

Mama Benedicte aliposikia akaja mwenyewe nyumbani. Alitazama gauni, akanitazama, akaguna. Akasema kwa hekima yake kwamba labda mara hii moja ningevaa blauzi nyeupe na kikwembe, kitenge cha kujifunga, kinachokaribiana na kile cha sare, Mungu haangalii rangi.

"Mungu haangalii," nikasema, "lakini mi naangalia. Sheria ikipinda kwa fundi, kesho itapinda kwa kila mtu. Nitaingia ndani ya hilo gauni, mama. We andaa kwaya tu."

Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Nilimpa Byamungu chokoleti yote iliyokuwa kwenye droo, akala mbele yangu, na mi nikaendelea kushona nikiimba. Nikajiuliza kumbe kitu chenyewe ndiyo hiki, mbona watu wanakiogopa.

Kesho yake kichwa kikaanza. Kilianzia nyuma ya macho, kikapanda juu, kikakaa pale kama mtu aliyekuja na mkeka wake. Mashini ikigonga, kichwa kinagonga. Mtoto wa jirani akilia, kinagonga. Nikishika sindano naona tundu mbili. Na mdomo wangu, ambao kwa kawaida una maneno mengi, ulikuwa na neno moja tu. Nilikata mkono wa blauzi ya mteja nikaona rangi ya kitambaa ni ya kahawia, nikasimama nikikitazama kile kitambaa kwa huzuni. Siku moja nilifungua droo, nikakuta karatasi ya chokoleti imejikunja chini ya bobini. Niliinusa. Nimesomea kushona kwa masista, nimelea watoto, nimevuka mipaka na mzigo kichwani, na pale nilikuwa nanusa karatasi kama mbwa. Nilijichukia, lakini sikuitupa upesi.

Kambi ina waganga wengi wasioitwa. Jirani wa kulia akasema ni malaria. Jirani wa kushoto akasema nimerogwa na fundi mwenzangu. Orpa, rafiki yangu kutoka Fizi kulekule Kongo, ambaye husimama karibu nami kwenye kwaya, alikuja na kiti chake, akakaa, akanitazama tumbo.

"Kichwa inakuuma, unatamani vintu, unagombeza kila mutu," akasema. "Mama Fabrice, mi nilizaa mara sita. Hiyo dalili naijua."

"Orpa, mi nina wajukuu."

"Sara naye alikuwa na miaka mingi."

Nilimrushia kitambaa. Alicheka, akakikunja vizuri, akanirudishia. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka nje, na Jumapili ile mzee mmoja alinipisha kwenye benchi kwa heshima ya pekee. Nilikaa. Kichwa kiliuma mno hata sikuweza kubisha.

Nikaenda zahanati kwa ajili ya malaria, ili watu wanyamaze. Muuguzi, mama wa Kimalawi mwenye subira, alinitoboa kidole, akaniambia malaria hakuna. Akaniuliza nimeacha kula nini. Nilipomwambia, alicheka kwa upole, akasema watu wanaoacha kahawa au chokoleti ghafla wanaumwa hivyohivyo, mwili unadai ulichozoea, na utachoka kudai. Ninywe maji, nilale, nisikae na njaa. Nikamshukuru kwa Chichewa, zikomo, nikaondoka na maji kama dawa. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi kwa maumivu makubwa namna ile.

Sasa nimtaje Irangabiye. Ni Mrundi, ana duka dogo karibu na njia ya kwenda sokoni, na yeye njo aliyekuwa akiniuzia chokoleti. Siku nilipoanza nilimwendea, nikamwambia mbele ya wateja wake: hata nikuombe, hata nilie, usiniuzie. Aliinamisha kichwa akakubali. Warundi wakikubali kitu, wamekubali.

Nilivumilia siku kadhaa. Halafu mchana mmoja, jua kali, kichwa kimenishika kotekote, mteja amenirudishia sketi kwa sababu ambayo hata leo siijui, nikajikuta mbele ya duka lake. Sikumbuki kutembea.

"Irangabiye, nipe moja. Ile ndogo."

"Ulinikataza, mama."

"Aliyekukataza ni mimi, na anayekuruhusu ni mimi."

"Yule wa kwanza alikuwa na akili," akasema taratibu, akifuta kaunta. "Huyu wa leo simujui."

Nilimwambia maneno. Nilimwambia duka lake ni chafu, mizani yake inapendelea, na kwamba mtu anayekataa wateja atakufa maskini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua kikombe, akachota maji kwenye mtungi, akaniwekea mbele. Nilikunywa yale maji nikiwa nimesimama, machozi yananitoka kwa hasira, nikarudi nyumbani nikalala. Nilipoamka jioni kichwa kilikuwa chepesi. Nilikisubiri kirudi. Hakikurudi.

Kesho yake nilimpelekea Irangabiye shati nililomshonea kwa mabaki ya vitambaa. Alilipokea kwa mikono miwili. Mizani yake, kwa kweli, haina shida.

Tangu hapo mambo yakanyooka. Nilikula nsima, ugali wa hapa, kidogo na mboga nyingi, nikaacha kupanda kabaza, zile baiskeli za abiria, nikawa natembea, na kila siku baada ya kuoga nilijaribu gauni. Mwanzoni lilikataa kwenye makalio. Halafu likapita makalio likakwama kiunoni. Asubuhi moja, karibu na safari, nilivuta zipu, ikapanda, ikapanda, ikafika kwapani, ikafunga. Nilisimama katikati ya chumba nikiwa nimebana pumzi. Byamungu alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Kumbe bado uko humo ndani." Nilifurahi sana. Nililivua, nikavaa la kila siku, nikatembea kambi nzima siku ile, kichwa juu, na yule mzee wa benchi akanitazama tumbo akashangaa limekwenda wapi.

Mazoezi tulikuwa tunafanya na nguo za kila siku. Sare mpya haivaliwi kabla ya siku yake, njo desturi yetu, ili macho ya watu yaione mara moja ikiwa nzima. Kwa hiyo gauni lile nilikuwa nimelivaa nyumbani tu, nimesimama, nimenyamaza.

Tulifika Lilongwe siku moja kabla ya mkutano, tukapokewa kwenye kanisa la wenyeji. Mchana tukaenda ukumbini kufanya mazoezi, na Mama Benedicte akavunja desturi. Akasema huu ukumbi ni mkubwa, anataka kutuona tumevaa kabla watu hawajatuona. Tukavaa. Nilivuta zipu yangu mbele ya wote, ikafunga, na bamama wakapiga vigelegele. Orpa akasema, "Shokola imeshindwa." Tukapanga mstari. Nikasimama mbele, nikafungua mdomo, nikavuta pumzi ya kuanzia ule mstari mrefu.

Pumzi haikuingia.

Iliingia nusu, ikagonga kitambaa, ikarudi. Nikaanza hivyohivyo. Sauti ilitoka nyembamba, ikafika katikati ya mstari ikakatika. Nikarudia. Nikavuta kwa nguvu zaidi, nikasikia uzi mmoja kwenye zipu unalia, nikaacha. Mwili wangu ulikuwa umeingia ndani ya gauni, lakini mbavu ni mbavu, hazipungui kwa kuacha chokoleti, na mwimbaji anahitaji kifua kinachofunguka. Fundi wa miaka yote hii, nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa pumzi.

Nilikaa kwenye ngazi za jukwaa. Sikulia, lakini nilikuwa karibu. Yale maumivu yote, ile karatasi niliyoinusa, na sasa nakuja kukaa na waumini kupiga makofi.

"Blauzi nyeupe," akasema Mama Benedicte kwa sauti ya chini.

"Hapana, mama. Orpa ataanzisha. Mi nitakaa kule."

"Mi siwezi hiyo mustari," Orpa akasema. "Unajua siiwezi. Hakuna mwenye anaiweza hapa." Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akashika gauni lake ubavuni, akabonyezabonyeza ule mshono kwa vidole. "Mama Fabrice. Humu ndani kuko kitambaa."

"Hiyo ni akiba yako. Niliiacha kwa ajili yako ukinenepa."

"Njo hiyo nasema. Kata."

Nilimtazama. Akaanza kuvua gauni palepale, na mama mwingine akamziba kwa kikwembe. Kisha wa pili akashika ubavu wake, na wa tatu. Nikawaambia ngojeni, nikahesabu akilini, nikasema: mnipe vipande vya watu wanne, vitanitosha. Mama Benedicte akakataa.

"Wanne wawe na akiba imekatwa na wengine wawe nayo? Hiyo si sare tena. Sheria ni yako mwenyewe. Wote au hakuna." Akageuka akainua mkono wa kulia. "Nifungulieni zipu."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikuwa nimewashonea hao bamama kwa miaka, nikijua nani ananenepa lini na kwa nini, na sikuwahi kufikiri kwamba kile kitambaa nilichokuwa nakificha ndani ya mishono yao siku moja kitarudi kwangu. Hapo njo nililia, na sikuona haya.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka, na kwenye baraza lake fundi wa Kimalawi na mashini yake ya kukanyaga. Nilimweleza kwa Chichewa changu cha sokoni na kwa mikono. Alisimama akanipisha kiti. Nilikaa pale mchana wote. Nilifumua mishono ya kushoto, nikakata akiba yote, nikafunga mishono tena upesi, gauni moja baada ya jingine, wakati bamama wanasubiri ukumbini wamejifunga vikwembe na wanacheka. Kisha nikaunganisha vile vipande ubavu kwa ubavu, majani ya njano yakikutana na majani ya njano, nikapata vipande viwili virefu, kimoja kwa kila upande wangu. Yule fundi alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama mikono yangu. Nilipomaliza alishika ule mshono, akaugeuza, akatikisa kichwa kwa kukubali. Heshima ya fundi kwa fundi inanitosha.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Nilisimama mbele, nikavuta pumzi, na gauni likafunguka pamoja nami, ubavu huu na ubavu huu. Niliuimba ule mstari wote mpaka mwisho wake, na bado nilibaki na pumzi ya kuushikilia pale mwisho hadi watu wa nyuma wakasimama. Kisha bamama wakaingia. Sitajisifu zaidi ya hapo. Waliokuwepo wanajua.

Baada ya ibada wenyeji walituketisha kwenye meza ndefu, wakaleta chai. Halafu msichana mmoja akaja na sinia. Keki ya chokoleti, nyeusi, yenye chokoleti nyingine imemwagwa juu, ikinukia hadi mlangoni. Mi niliitazama nikaona nimeshamalizana nayo, angalau kwa siku ile. Nikampitishia Orpa.

Orpa alinyoosha mkono. Mkono ukafika karibu na keki, ukasimama. Polepole akaushusha mkono mwingine ubavuni, upande wa kushoto, akabonyeza mshono. Hakukuwa na kitu mle ndani, mshono tu. Akatazama gauni, akatazama keki. Akasukuma sinia kwa jirani yake. Jirani naye akajishika ubavu wa kushoto, akalisukuma. Sinia likaenda hivyo meza nzima, kutoka mama hadi mama, kila mmoja mkono mmoja ubavuni, hadi likafika kwa Mama Benedicte, ambaye aliitazama ile keki kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akamrudishia msichana.

Orpa aliinama karibu na sikio langu.

"Mama Fabrice," akasema, "kile kichwa yako, kilianzaka vile gani? Kilianzia nyuma ya macho?"

Nikavuta jagi la maji, nikammiminia glasi hadi juu.

"Kunywa," nikamwambia. "Kesho njo utajua."